Marisela na Viti vya Watu

Marisela Ontiveros alipochaguliwa kuingia kwenye mafunzo ya viongozi vijana wa mtaa, alipewa fulana, chupa ya maji na maneno mengi. Haikupita miezi mingi akawa hasemi tena "majirani", anasema "wadau". Bibi yake, Eulalia, aliyemlea, alimwonya mapema: "Siku utakayoniita mdau humu ndani, utajipikia mwenyewe."

Lakini msichana hakuwa mpumbavu. Lilikuwepo jambo moja lililomkaa rohoni: kibao cha kusimamisha magari kwenye kona ya shule. Mdogo wake Chuy aligongwa pale akavunjika mguu, na dereva hakupunguza hata mwendo. Diwani akasema hakuna kibao mpaka wakazi wakutane wakipigie kura mbele yake. Marisela akaitisha mkutano, kisha mwingine. Walikuja watu wawili tu: bibi yake, kwa mapenzi, na Mzee Bielak wa nyumba ya pili, kwa tamale za bibi, zile za unga wa mahindi uliojazwa nyama na pilipili. Mzee alikula, akasifia pilipili, akaondoka kabla ya ajenda.

Diwani akampa nafasi ya mwisho, Jumamosi alasiri. Ijumaa theluji ikaanguka ya kufukia magari. Asubuhi watu wakachimba, wakayatoa magari yao, wakaenda zao madukani na makazini, kila mmoja akiacha kiti kibovu pale alipochimba. Chicago nzima inajua maana yake: aliyechimba ndiye mwenye mahali pa kuegesha. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na anayesogeza kiti cha mwenzake asishangae kukuta matairi yake yametolewa upepo.

Sasa ukumbi wa kanisa, ulipopangwa mkutano, nao haukuwa na viti, vyote vimeazimwa kwa harusi. Marisela akakumbuka mkufunzi wake alivyozoea kusema, "Tumieni rasilimali zilizopo mtaani." Akachungulia dirishani, akaziona rasilimali zimepangwa barabara nzima. Mtoto aliyezaliwa na kukulia mtaa ule! Ama kweli mafunzo humsahaulisha mtu hata maziwa ya mama. Akachukua ubao wa Chuy wa kutelezea thelujini, akavikokota viti vyote hadi ukumbini, akijiambia ni vya saa moja tu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Bielak, aliyefuata michirizi ya ubao thelujini, beleshi mkononi, uso mwekundu.

"Nani kachukua kiti changu?"

"Mimi, Mzee Bielak. Nimeazima."

"Tangu lini watu wakaazima bila kuomba? Nimechimba mpaka kiuno kimekatika, sasa pale pangu kuna gari la mtu simjui hata jina, limejilaza kama bwana harusi!"

Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa unaingia, kila mtu na tusi lake. Kila aliyekiona kiti chake alikikalia, mwingine asije akakibeba, na hakuna aliyekubali kuinuka wa kwanza. Diwani alipofika akakuta ukumbi umefurika, watu wamenuna. Akafurahi mno, akidhani ndio mwamko wa wananchi.

Marisela akashika kipaza sauti. "Mtanitukana baadaye. Maadamu mmeshakaa, tuzungumze kona ya shule."

Wakazungumza. Kumbe kila mtu alikuwa na kisa chake cha kona ile, hata Mzee Bielak, aliyekiri kwamba hukatiza pale akiomba dua. Kisha diwani akakohoa. Kwa sheria, alisema, kibao kikiwekwa, gari haliruhusiwi kuegeshwa hapo konani.

Ukumbi wote ukamgeukia Bibi Eulalia. Hapo konani palikuwa pake tangu gari lake likiwa jipya.

"Sitaki," bibi alisema.

"Bibi, ni kwa ajili ya Chuy."

"Mguu wa Chuy umepona. Mgongo wangu haujapona."

Watu wakacheka. Marisela hakucheka.

"Mikutano yako yote nimekuja mimi," bibi aliendelea, sasa sauti imemkauka. "Hawa walikuwa wapi? Leo wamefuata viti, ndio unawagawia mahali pangu?"

Ilikuwa kweli tupu, na aibu ikamchoma Marisela. Angeweza kuahirisha. Bibi angebaki na mahali pake, watoto nao wangeendelea kukatiza wakiomba dua.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," alisema, akanyoosha wa kwanza, macho kwa bibi yake.

Mikono ikajaa. Kibao kikapita.

Bibi Eulalia akainuka, akakunja kiti chake. "Hongera. Sasa umekuwa kiongozi kweli, umeanza kwa kumnyang'anya wa nyumbani kwako." Akampokonya Mzee Bielak beleshi, akamshikisha mjukuu wake. "Nenda kanichimbie mahali pengine. Na kila theluji ikianguka, mpaka nife."

Marisela akatoka. Kando ya barabara kote magari yalikuwa yameshajaa. Palibaki mbele ya duka la dobi tu, ambapo theluji ilimfika kiunoni. Akaanza kuchimba.