Miguu ya Baba Chini ya Gari la Mashindano

Gari la baba yangu ni ubao uliochorwa, jamani!

Hamjambo lakini? Mimi masikio yanawaka kwa aibu.

Nyie wote mnaijua ile picha ya ukutani kwangu, marehemu baba ndani ya gari la mashindano la zamani. Miaka yote nimewaambia alikuwa dereva hodari wa Wazungu.

Leo wazazi wa binti anayeposwa na Deo wangu wamekuja kutoka Karema kuona kwetu. Nikasema lazima waone akili ya mwanangu. Deo kasomea ufundi Tabora, ukimpa picha chakavu ya gari anakutajia lilikotoka.

Nikaitoa kwenye fremu aione vizuri.

"Hili ni la Wafaransa," akasema, "la kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Cheni iko nje, boneti imefungwa mikanda ya ngozi. Yalikuwa machache sana."

Nikavimba kama andazi!

Mara akaisogeza picha karibu na macho.

"Mama... miguu ya babu hii hapa chini."

Kumbe fremu ndiyo iliyoificha. Baba kasimama peku nyuma ya ubao wa mpiga picha, vidole vyote kumi vinaonekana!

Mama wa binti akauliza, "Ina maana mzee alikuwa anaendesha kwa kukimbia?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilikimbilia jikoni.

Wameondoka bila kujibu posa. Deo hata chai hajanywa.

Jibu watalileta Jumamosi. Njooni wote, hata nyie mnaonicheka, maana peke yangu sitaweza kuwatazama usoni hiyo Jumamosi.