Risasi tatu, njiwa mmoja: nilivyokimbiza kijiji kizima cha Kiringye siku niliyokwenda kuposa

Wakuu, heshima kwenu wote, mnaosomea kazini bosi akiwa hayupo na mnaosomea kitandani.

Hii si chai, yaani si hadithi ya kutunga. Wapenzi wa chai kuna nyuzi nyingi humu, nendeni mkanywe. Mke wangu kakaa hapa pembeni anasoma kila mstari, nikiongeza chumvi ananifinya.

Mimi ni mtu wa Uvira, mtaa wa Kilibula. Kiswahili changu mtakivumilia, ndivyo tunavyoongea huko kwetu.

Miaka ile ya vita nilikuwa fundi redio. Kazi ilikuwa nyingi, maana kila mtu alitaka kusikia habari ajue leo alale kwake au akimbie. Siku moja akaja binti kutoka Kiringye, kule bondeni Ruzizi, kaleta redio ya baba yake. Anaitwa Odette.

Redio ilikuwa na waya mmoja tu uliokatika. Niliitengeneza kwa wiki tatu. Wenye akili mmeshaelewa.

Basi vita vikatulia kidogo, nikapanda pikipiki hadi Kiringye kujitambulisha kwao. Ilikuwa Jumamosi, wamemaliza kuvuna mpunga.

Baba yake, ambaye leo namwita databukwe, yaani baba mkwe kwa Kirundi chao, ni mzee mfupi, mkavu, haongei sana. Alikuwa ameshawakataa wachumba wawili wa mjini. Sababu ni moja tu, alisema ni watu wa mdomo.

Sasa shida ilikuwa nyama. Mgeni wa kuposa huwezi kumlisha majani, ni aibu. Ila ng'ombe na mbuzi wote walikuwa wameshaondoka na wenye silaha. Mzee akanitazama, akaniuliza mbele ya Odette:

"Muntu wa Kilibula, weye unajuaka bunduki?"

Wakuu, mwanaume ukiulizwa swali kama hilo mbele ya mtoto wa watu utajibu nini?

"Ndiyo papa, minye nimezoea."

Nimezoea nini? Nilizoea kuzisikia!

"Basi, muzuri," akasema. "Nyama iko mu shamba. Njiwa banakula mpunga ulioanguka. Lundi asubuhi utaniletea njiwa, mama atapika, tutaongea mambo ya Odette. Ukirudi mikono mitupu utakula sombe, utarudi Uvira na mdomo yako."

Lundi ni Jumatatu, na sombe ni kisamvu. Odette alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso, ila niliona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Mimi jasho.

Hapa nitoe maelezo kidogo kwa ambao hamjaishi na vita. Kule bondeni kwa miaka ile risasi haipigwi ovyo. Mlio mmoja tu, watu wanafunga mizigo. Kwa hiyo Jumapili baada ya misa databukwe akamuomba katekista dakika moja, akasimama mbele ya kanisa zima:

"Kesho asubuhi mutasikia bunduki mara mbili. Ni mugeni wangu anapiga njiwa. Musikimbie. Lakini ya tatu haiko yetu. Mukisikia ya tatu, kila muntu na miguu yake."

Watu wakaitikia kwa vichwa, serious kabisa, kama wanatangaziwa ndoa.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilisikia vizuri. Hilo nakiri mbele yenu.

Jumatatu alfajiri mzee akafukua bunduki yake ya kuwindia kwenye ghala, ya zamani za Zaire, imefungwa ndani ya mkeka. Akanipa risasi tatu. Ziko tatu kwa nini? Kwa sababu zilikuwa za zamani na moja ingeweza kugoma kulia. Akanirudia mara mbili: "Milio ni miwili. Ikilia miwili, unarudi."

Akanifundisha pia kwa dakika tano. Alikuwa na njiwa wa udongo, amewafinyanga mwenyewe. Unawapanga kwenye mabua ya mpunga, wote wameelekea upepo unakotoka, kwa sababu njiwa wa kweli hutua akiukabili upepo. Akiona wenzake wanakula, naye anashuka. Wewe unajifunika nyasi za mpunga, unatulia.

"Na usipige pale alipo," akasema. "Piga pale anapokwenda."

Nikasema nimeelewa papa. Sikuelewa kitu.

Nikalala kwenye nyasi zangu. Siafu wananiuma, nimekausha. Jua likachomoza, njiwa wakaanza kuja. Aisee, walikuwa wengi na wanene, mpunga wote ule peke yao.

Nikalenga mmoja pale pale alipo. Paa!

Kitako kikanipiga shavu nikaona nyota asubuhi. Njiwa yule alikuwa ameshafika mbali, anaendelea na safari zake.

Nikasubiri sana. Wakarudi. Safari hii nikasema sihangaiki na anayeruka, napiga aliyetua. Nikamuona mmoja katulia vizuri, hata kichwa hageuzi. Paa! Akapasuka vipande.

Nilikuwa nimeua njiwa wa udongo.

Wakuu, hapo ndipo mtu mwenye akili angenyanyuka akaenda kula sombe yake. Ila nikamuwazia Odette akicheka. Nikamuwazia mzee akisema wa tatu huyu, mdomo mtupu. Na risasi iko mfukoni, nzima kabisa. Tamaa ikanishika, na ile hesabu ya kanisani ikanitoka kichwani kabisa, naapa.

Akaja njiwa mmoja kutoka upande wa mto. Nikapiga pale anapokwenda.

Paa! Akaanguka puu.

Furaha niliyoipata sijawahi kuieleza vizuri. Niliruka kutoka kwenye nyasi, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote: "Nimemupata! Nimemupataaa!"

Hebu jiwekeni katika nafasi ya wanakijiji. Umesikia mlio wa tatu, ule ambao "hauko wetu". Halafu unasikia sauti ya mwanaume shambani anapiga kelele kwamba amempata mtu.

Mimi nikaokota njiwa wangu, nikamtia mfuko wa shati, nyuma ya bega. Mara nikasikia chuma kinagongwa kijijini, kengele ya hatari. Kutazama hivi, watu wanamiminika kwenye njia ya kwenda barabara ya Luvungi. Magodoro kichwani, kuku kwapani, mama mmoja kabeba sufuria ikiwa bado inatoa moshi.

Nikasema Yesu wangu, vita vimeingia!

Sisi watu wa Uvira ukiona wenzako wanakimbia huulizi. Nikaunga. Bunduki mkononi, nyasi kichwani, shavu limevimba, ninapiga kelele: "Munisubiri! Munisubiri!"

Walikuwa wakigeuka, wakiniona, wanaongeza mwendo. Na mimi nikiona wanaongeza, najua adui amekaribia, naongeza.

Nilikuwa navikimbia vita ambavyo ni mimi mwenyewe. Cheka tu mkuu, umeruhusiwa.

Sasa kuna mfereji wa maji ya mpunga, unavukwa juu ya gogo. Pale nikamkuta koko. Huku kwetu koko ni bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa databukwe. Miguu yake imevimba miaka mingi. Alijikokota na fimbo mpaka pale, gogo likamshinda, akaketi.

Aliponiona akainua mikono. "Mutoto wangu, usiniuwe. Minye sina kitu."

"Koko, twende, banakuja!"

"Nani anakuja?"

"Sijui!"

Huwezi kubeba mtu na bunduki ukavuka gogo. Nikaiegemeza bunduki ukingoni, ikateleza, ikazama kwenye maji ya matope. Nikaiangalia sekunde moja tu. Nikamtupa koko mgongoni, nikavuka.

Koko hakukubali, wakuu. Alijua anatekwa. Alinipiga fimbo ya kichwa, akawaita watakatifu wote kwa Kirundi, mwisho akaning'ata sikio. Kovu lipo hadi leo.

Tulifika barabarani. Watu walikuwa wamesimama wanahema, wameshatambua ni mimi, databukwe anahesabu familia yake. Odette akatoka mbele, akanitazama toka juu hadi chini.

"Weye, umepiga mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Moja. Mbili. Kidole cha tatu kilipofunguka, nikakumbuka tangazo la kanisani.

Yule mama wa sufuria akaketi juu ya godoro la watu akaanza kucheka, na wengine wakafuata, wengine wanacheka huku wanalia. Databukwe hakucheka.

"Bunduki yangu iko wapi?"

"Mu mufereji, papa."

"Na njiwa?"

Nikamtoa mfukoni. Koko alikuwa amemlalia njia nzima, amekuwa bapa kama chapati.

"Mmoja," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa. "Hajui bunduki. Hajui kuhesabu mpaka tatu. Odette, chukua mizigo, tunarudi nyumbani." Akageuka. Nikajua nimekwisha, na machozi yalinitoka, sifichi.

Koko bado alikuwa mgongoni kwangu. Hapo ndipo akaongea.

Mjue kwamba kijiji kile kilishakimbia mara tatu. Mara zote koko aliachwa ndani na mtungi wa maji na viazi vya kuchemsha, kwa sababu hakuna aliyeweza kumbeba pamoja na watoto. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia waende. Nyumbani kwao jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa. Asubuhi hiyo ndiyo alijaribu miguu yake mwenyewe.

Akasema: "Vita yote ilikuja, ikaniacha mu nyumba. Hii ya huyu ndiyo ya kwanza kunibeba. Mumupe Odette."

Hakuna aliyecheka tena. Databukwe akaja, akamtoa mama yake mgongoni kwangu, akambeba yeye mwenyewe mpaka nyumbani, na hakutaka mtu ampokee njiani.

Njiwa tulimla watu nane, na sombe. Koko alipewa paja. Bunduki tuliitafuta siku mbili hatukuipata, na mzee hakuniuliza tena.

Funzo langu ni hili: ukiambiwa mbili, ni mbili. Na usijisifie kitu ambacho umekisikia tu.

Koko alishatangulia, alikufa kitandani kwake, kwa uzee. Mke wangu anasema niwaulize hili, na mimi naliacha hapa. Wale mliowahi kukimbia, mlibeba nini? Mlimuacha nani? Andikeni hapo chini, hakuna wa kumhukumu mtu.