Mkono wa Zipora na Taa za Punje

Wifi yangu Zipora hakuwa na jina la mama. Pale Isaka mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake. Mimi ni Mama Ngassa hata kwa watu ambao hawajawahi kumwona Ngassa. Yeye alizaa mara mbili, na watoto wote wawili hawakufika siku arobaini, kwa hiyo watu waliendelea kumwita Zipora tu, au mke wa fundi. Huyo fundi ni Valerian, fundi umeme wa magari, aliyekuwa na banda la mabati karibu na pale malori yanapojipanga kungoja mizigo ya treni.

Kwa miaka minane Zipora alifanya kazi na mumewe. Alimenya waya kwa meno, alishika tochi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumpa balbu. Valerian alikuwa akilala chini ya lori au anajikunja mbele ya dashibodi, kisha ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Zipora anaiweka balbu kati ya vidole vyake, na yeye anaitia kwenye holda vile vile alivyoipokea. Mimi niliuza chai na mihogo ng'ambo ya njia, na mchana kutwa niliuona mkono ule ukija nyuma na kurudi mbele. Sikumsikia akisema asante, wala sikumsikia Zipora akilalamika.

Mwaka 1997 dereva mmoja aitwaye Marselino alileta boksi la balbu ambazo hatujawahi kuziona. Alizipata kwa dereva mwenzake aliyetoka nchi za kusini. Ndani hazikuwa na ule uzi mwembamba unaowaka. Zilikuwa na vidoa vidogo kama punje za mtama, na madereva wakaziita punje siku hiyo hiyo. Nyekundu zilikuwa za nyuma, njano za ubavuni, kijani za kwenye dashibodi. Wakati ule barabara ya kwenda Nzega ilikuwa imekunjamana kama bati, na balbu za kawaida zilikatika uzi kabla lori halijamaliza safari mbili. Trafiki naye alikuwa anaijua kila taa ya ubavuni iliyokufa. Punje hazikuwa na uzi wa kukatika. Marselino alitaka taa ndogo zote za lori lake zibadilishwe, nje na ndani, ila za indiketa zibaki za zamani, maana aliambiwa ukitia punje kwenye indiketa inapepesa haraka haraka kama jicho lililoingia vumbi.

Basi Valerian akaanza, Zipora akampa. Ya kwanza ikawaka, na madereva wakasogea kutazama. Ya pili ikagoma, ya tatu nayo ikagoma, ya nne ikawaka. Ilikuwa hivyo hadi boksi likaisha. Kati ya arobaini, kumi na tisa hazikuwaka. Valerian alizitupa jalalani moja moja, na kila akitupa moja uso wake unazidi kukaza, kwa sababu Marselino alishaanza kuuliza kama kweli anaijua kazi hii.

Ndipo alipojifuta mikono kwa kitambaa, akamgeukia mkewe mbele ya madereva saba.

"Msinitazame mimi," akawaambia. "Huyu ana mkosi. Kila anachoshika kinazimika."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Wote pale walijua kuna makaburi mawili madogo nyuma ya kanisa. Hakuna aliyedhani kwamba Valerian alikuwa anasema habari ya balbu.

 Zipora alisimama pale mkono wake bado uko wazi, kama anayengoja apokee kitu. Mimi nilikuwa nimempakata Ngassa, bado mchanga, na bila kufikiri nikamfunika kichwa kwa khanga. Nilijionea aibu baadaye. Nilimfunika asisikie, lakini aliyekuwa akinitazama angeweza kudhani vingine.

Haikupita wiki mbili Valerian akamleta mke mwingine, Mariana, kutoka Tinde, na Zipora akaja kwetu na furushi la nguo na kopo tupu la maziwa ya unga. Athanas, mume wangu, ndiye mdogo wake Zipora. Alimpokea, akataka kwenda kumpiga Valerian, Zipora akamwambia akae chini ale.

Kipigo kisingemtosha. Hilo nililielewa polepole. Yale maneno yalikuwa yametoka banda la fundi na kuzunguka mji wote. Wanawake walimsalimia vizuri, walimuuliza habari za nyumbani, lakini akimnyooshea mtoto mikono, mtoto alikuwa ghafla ana usingizi, ana homa, anaogopa watu. Jirani yetu Limi ndiye aliyenichoma zaidi. Mtoto wake alitambaa mwenyewe mpaka miguuni pa Zipora, Zipora akamnyanyua, na Limi akaja mbio akamnyakua kama anayemtoa motoni. Kisha akamfuta mashavu kwa upindo wa khanga, hapo hapo, mbele ya Zipora.

Siku ile Zipora aliniambia, "Mama Ngassa, nataka ayameze maneno yale. Mbele ya wale wale. Sitaki kingine kwake." Alisema taratibu, akichambua dagaa.

Nami nikampa Ngassa amshike. Nilimpa kila siku, barazani, watu waone.

Athanas alikuwa na kazi ya kuchaji betri, na uani kwetu hazikukosekana betri za lori. Asubuhi moja Zipora alifungua lile kopo la maziwa. Humo mlikuwa na punje kumi na tisa. Alikuwa amezifukua jalalani kabla hajaondoka kwa mumewe, akaziosha. Nilimuuliza za nini, akasema hajui, hakutaka tu zibaki kwenye majivu ya yule mtu. Aliunganisha betri mbili kama zinavyounganishwa kwenye lori, akashika waya mbili, akagusisha balbu. Kimya. Akajaribu nyingine, kimya. Ngassa akalia mkekani, Zipora akaiweka balbu chini, akambembeleza, akarudi akaiokota na kuigusisha tena.

Ikawaka nyekundu kabisa, mpaka viganja vyake vikaonekana kama vina damu.

Akaitoa, akaigeuza, akagusisha. Ikazimika. Akaigeuza tena, ikawaka. Alizijaribu zote kumi na tisa hivyo hivyo na hakuna hata moja iliyokuwa mbovu. Balbu ya kawaida haina mbele wala nyuma, unaitia tu unavyotaka, na Valerian alikuwa ametia balbu za namna hiyo tangu ujana wake. Hizi zilikuwa na upande. Ukiutia upande wa moto, ule wa chanya ya betri, kwenye eathi, ule wa hasi, zinakaa kimya kama zimekufa.

Nilianza kucheka kwa furaha, lakini Zipora hakucheka. Alikaa muda mrefu anautazama mkono wake wa kulia.

"Kumbe alisema kweli yule," akasema. "Yeye alikuwa anatia kama nilivyompa. Mimi ndiye niliyekuwa naziwasha, na mimi ndiye niliyekuwa nazizima."

Kisha akaniomba chupa yangu ya rangi ya kucha. Akatia nukta moja kwenye kitako cha kila balbu, upande wa moto, nukta ndogo hata mimi nilihangaika kuiona. Akazirudisha kwenye kopo na kusema nisimwambie mtu, hata Athanas.

Alingoja miezi mitano. Nilidhani amesahau, lakini kila Jumamosi nilimwona analifuta lile kopo vumbi.

Masika ya mwaka uliofuata, Bwana Rushabh wa Kahama, mwenye malori sita, alimpa Valerian kazi ya kubadilisha taa ndogo za malori yote kuwa punje, kwa sababu malori hayo yalikuwa yanakaguliwa kesho yake. Dereva wake mkuu siku hizo alikuwa Marselino. Nilikuwa mahali pangu na birika langu, na kufika alasiri niliona mambo yamerudi yale yale. Mariana alikuwa anampa balbu, Valerian anatia, moja inawaka, mbili zinagoma. Bwana Rushabh alikuwa amekaa kwenye pikapu yake mlango ukiwa wazi, anatazama saa. Madereva walikuwa wengi zaidi ya saba. Mvua ilikuwa imefunga anga, kukawa na giza la mawingu, kila taa iliyokosa kuwaka ilionekana wazi kama pengo la jino.

Nikamsikia Valerian anamwambia Mariana, "Na wewe mikono yako naanza kuitilia shaka." Mariana wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita.

Nilimwachia muuza karanga birika, nikakimbia nyumbani na Ngassa mgongoni. Zipora aliposikia hakuharakisha. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajifunga khanga safi, akachukua kopo.

Alipofika bandani, Valerian alikuwa anamweleza Bwana Rushabh kuwa boksi zima ni bovu. Zipora alimwamkia Bwana Rushabh, akawasalimu madereva, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Fundi, zipo zile ulizotupa mwaka jana. Nikupe mkononi kama zamani?"

Valerian akacheka. Nadhani aliona amepata msaada. Akawaambia watu wasogee waone mkosi wenyewe kwa macho, ili wajue anachopambana nacho. Akainama kwenye ubavu wa lori na kunyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, vile vile.

Zipora akampa. Nukta ilikuwa chini. Valerian akatia, haikuwaka.

"Mnaona," akasema Valerian.

"Nipishe kidogo," akasema Zipora. Akaichomoa ile ile, akaifumba kiganjani na kuigeuza humo, akaitia. Ikawaka njano. Watu wakaguna. Akaichomoa, akamrudishia, nukta chini tena. Valerian akatia, haikuwaka. Zipora akaichukua, ikawaka.

Wakaenda hivyo kwa balbu ya pili, ya tatu, ya nne. Kwake inakufa, kwa Zipora inafufuka. Kufika ya tano hakukuwa na anayeguna tena. Shati la Valerian lilikuwa limeloa mgongoni na mvua haijaanza. Alijaribu kuitia kwa nguvu, akaikwaruza holda.

Marselino ndiye aliyesema. Alisema akiwa ameegemea tairi, hata hakupandisha sauti.

"Fundi, samahani. Mbona kila unachoshika kinazimika?"

Nilimwona Valerian akiyasikia maneno yake mwenyewe. Aligeuka kumtazama Zipora, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiutazama ule mkono uliompa balbu miaka minane. Kama angetazama chini kidogo angeiona ile nukta. Alitazama vidole tu.

"Umenifanyia nini wewe?" akauliza.

"Mimi sijasema neno," Zipora akamjibu. "Nimekupa balbu."

Mariana alikuwa amesimama karibu yao. Yeye aliiona nukta. Nilimwona anaiona, macho yake yakashuka kwenye kitako cha balbu, yakapanda usoni kwa Zipora, yakarudi chini. Akauweka mkono tumboni. Sidhani kama alimwambia mumewe hata walipofika nyumbani.

Zipora alimaliza malori yote sita kabla jua halijazama, pamoja na taa za namba na za kebini, na zile zilizoitwa mbovu kwenye boksi jipya zote akaziwasha. Bwana Rushabh hakumwita tena Valerian. Madereva ni watu wa kubeba maneno, wanayabeba kuliko mizigo. Baada ya mwezi hapakuwa na lori lililosimama kwenye banda lile, maana nani anataka mkono kama huo uguse gari lake la safari. Valerian akahamia Nkome ziwani kutengeneza injini za mitumbwi, na banda alilotupa Zipora akalishika. Jina la mkosi lilifika kabla yake, kwenye lori la dagaa.

Athanas alipojua siri aliniambia kuwa dada yake amezidisha, kwamba mtu hafukuzwi mji kwa uongo. Nilimpelekea Zipora maneno hayo. Alikuwa bandani, lile lile la Valerian, anamenya waya. Akaniuliza, je, yeye hakufukuzwa kwa uongo, na nani alimwambia Valerian kuwa amezidisha. Nikamshikia ncha ya pili ya waya. Siku hizi kila fundi anajua punje ina upande, hata watoto wa shule wanajua, lakini Valerian haitwi tena kurudi.

Limi alikuja pale bandani mwaka huo huo, amejifungua tena. Alimletea Zipora mtoto, amevikwa vizuri, akamnyooshea mbele ya madereva waliokuwa wanakunywa chai yangu. "Mpakate mwanao, Fundi," akasema, anacheka.

Zipora alimtazama mtoto, akamsifu kuwa ni mzuri. Kisha akainua viganja vyake.

"Mikono yangu ina mafuta," akasema, na akaendelea na kazi.

Limi alibaki amemnyoosha mtoto hewani kwa muda, kisha akamrudisha kifuani akaondoka. Ngassa wangu alikuwa ameanza kutembea, akaja anayumba kutoka kwenye meza yangu mpaka bandani. Zipora akainama, akamnyanyua kwa mikono ile ile. Fulana yake nyeupe ikabaki na alama za vidole vitano vyeusi mgongoni, na sikuifua mpaka wiki ikaisha.