Mgeni alisema "msijisumbue", tukapika: yaliyonikuta na rafiki wa mtandaoni hapa Dubai

Jumamosi, tarehe 8 Novemba. Asubuhi ukungu mzito, majengo ya ng'ambo ya barabara hayaonekani. Kufika saa sita jua limerudi kama kawaida yake.

Wakuu, salamu kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona nimemwonea mtu mniambie. Shule yangu iliishia darasa la nane, huenda ni mimi sikuelewa. Lakini nitasema ilivyokuwa, hata pale panaponiumbua.

Mimi ni Mkenya, Mluhya wa Kakamega. Nafanya laundry kwenye hoteli moja huku Al Garhoud. Chumbani tuko watatu: mimi, Chebet wa Bomet, na Nakato wa Uganda.

Mwaka jana niliingia group ya WhatsApp ya kuzoea Kiingereza. Kazi yetu humo ni soga tu. Asubuhi kila mtu anatuma picha ya dirisha lake, tunaanza kuongea hali ya hewa.

Msinicheke. Ni humo nilipojua Waingereza wanawasha moto mkubwa Novemba, na kuna siku yao ya kula pancake kabla ya Kwaresma. Wakaniuliza Dubai kuna majira mangapi. Nikawaambia mawili: ya AC, na ya kutafuta AC. Walifurahi mpaka wakanipa jina, Miss AC.

Rafiki yangu mkubwa humo ni Joan, mama Mwingereza aliyestaafu. Nilipougua Julai alinitumia picha ya maua ya bustani yake kila asubuhi mpaka nikapona. Hilo simnyimi.

Mwingine ni Kevo, Mkenya mwenzangu. Amekaa Uingereza miaka mingi.

Juzi juzi Joan akaandika kwamba anakwenda kwa mwanawe Australia, atalala Dubai usiku mmoja, aondoke Jumamosi jioni. Akasema, "Lazima tunywe chai pamoja."

Nikajibu karibu sana, Jumamosi nitakuwa nyumbani, nitakupikia.

Naye: "Itapendeza sana. Lakini tafadhali msijisumbue."

Sasa wakuu, kwetu mgeni akisema msijisumbue, si ndiyo unaanza kutafuta kuku?

Nikabadilishana off na Mnepali wa kazini. Nikamtumia Joan location, akajibu kwa alama ya moyo. Mimi nikausoma ule moyo kuwa ni ndiyo. Hapo labda kosa ni langu.

Nikauliza group, chai ya Kiingereza maziwa yanatangulia au yanafuata? Wakabishana siku mbili. Joan mwenyewe alisema yanafuata. Kevo akawa anaweka tu vile viuso vya kucheka. Hakuna aliyeniambia dada, huyo haji.

Leo tukaamka mapema. Chebet akasukuma chapati, mimi nikapika kuku, Nakato akaondoa nguo zote zilizoning'inia vitandani. Akaenda kwa jirani Mfilipino kuazima kikombe chenye kisahani chake, maana sisi tunanywea vikombe vya plastiki.

Firigisi niliiweka kando. Kwetu hiyo ni ya mgeni wa heshima.

Tukakaa. Chai ikachemshwa, ikapoa, ikachemshwa tena. Nikampigia Joan, simu haikushikwa. Nikajiambia labda ni foleni.

Saa kumi na nusu picha ikaingia kwenye group. Dirisha la hoteli, ukungu wa asubuhi, na chini yake daraja la miguu la kuendea metro. Daraja ninalopita kila siku na uniform yangu mkononi.

Chini ameandika: "Ukungu Dubai, nani angeamini. Sasa niko airport. Siku moja lazima tunywe ile chai."

Nakato akaichukua simu, akaitazama sana ile picha. "Kumbe alikuwa hapo tu," akasema. Chebet akainuka. Alianza kufunika chapati.

Nikamwandikia Joan: tulipika, tulikungoja. Akakawia, kisha akajibu, "Jamani mpenzi, nilidhani tunaongea tu. Naona aibu sana." Akapiga. Nikaiacha iite mpaka ikanyamaza.

Hasira kwake ilianza kupoa, nisiseme uongo. Nilisoma tena meseji zote. Saa hakutaja. Kusema "nakuja" hakusema.

Ndipo Kevo akanifuata inbox. "Dadangu, hao husema hivyo tu. Ni kama kuongea mvua." Akanieleza kwamba mwaka wake wa kwanza huko Uingereza, jirani alimwambia lazima aje chakula cha Jumapili. Kevo akanunua shati, akaenda, akagonga mlango. Wakamtazama kama mtu wa kusoma mita.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka na wewe uonje."

Wakuu, sikilizeni hapo. Joan amefuata mila ya kwao, nami nikafuata ya kwetu. Lakini hiyo ya Kevo ni mila ya wapi? Mtu anakuona unawasha jiko, anajua mgeni haji, anakaa kuhesabu vicheko. Na ni wa nyumbani. Nimemblock. Kama nimekosea, semeni, ila leo sitamfungulia.

Nilichojifunza: ukikaribisha, uliza unakuja saa ngapi. Anayekuja kweli ana saa. Na ukimwona mwenzako anajipanga kwa jambo ambalo wewe lilishakuchoma, mwambie mapema, hata kama wewe hukuambiwa na mtu.

Waliokaa na Waingereza, nielezeni hii mila. Na simu ya Joan, akipiga akiwa Australia, niishike? Nawasoma.

Jioni Nakato alisema khalas, imetosha, tule. Tulikula chapati na kuku, na chai iliyowekewa maziwa mwisho. Firigisi hakuna aliyetaka kuigusa, mpaka Chebet akachukua kisu akaikata vipande vitatu.