Folda ya Ziwa

Tamandani Kalino alizaliwa Kachulu, pembeni mwa Ziwa Chilwa. Ziwa lilipokauka alikuwa bado msichana, akamwona baba yake amekaa nyuma ya nyumba na nyavu zake kavu, hana la kufanya. Ndiyo maana akasomea maji. Wenzake pale Zomba, kwenye shirika dogo la utafiti, walidhani anapenda kompyuta. Kompyuta kitu gani, bwana! Alitaka kujua mapema ziwa litakapokauka tena.

Kazi yake ilikuwa ya mkataba, na mkataba ulikuwa mikononi mwa Daktari Luhanga, mkuu wao. Kompyuta ya ofisi ilikuwa kama jiko la wake wenza: kila mtu kaweka programu zake, hizi zinazivuruga zile. Tamandani akajenga humo mazingira yaliyojitenga, yaani kama chumba cha programu zake peke yake, yasiyogusa ya wengine, akaanza kusakinisha kifurushi cha programu za kusoma takwimu za ziwa kutoka setilaiti. Usidhani ni kubonyeza kitufe ukaenda zako. Umeme unakatika, mtandao unakatika, kifurushi kimoja kinadai kingine, na hicho kingine kinakataa toleo ulilonalo. Siku ramani ya kwanza ilipofunguka, alilia. Folda yenye kazi yote hiyo alikuwa ameipa jina lake tangu mwanzo.

Asubuhi ya kuja wafadhili, Luhanga aliwahi kufika. Akaiona folda ile, akafuta jina la Tamandani, akaandika la kwake. Mtu mzima na akili zake! Mazingira ya namna ile hushika mahali yalipojengwa. Ukibadili jina la folda, yanaendelea kujitafuta kwenye jina la zamani. Wageni wamekaa, mandazi yako mezani, programu ikagoma.

Luhanga akacheka, akawaambia wageni kwamba ndiyo taabu ya kuwategemea watu wa mkataba. Tamandani akaangalia skrini, akaelewa. Akamwinamia sikioni.

"Daktari, folda imebadilishwa jina. Nikirudisha la mwanzo, inafunguka sasa hivi."

"Hurudishi kitu. Jenga upya kwa jina langu. Au mkataba huutaki?"

Wageni wakaombwa wanywe chai kwanza. Asante ya punda ni mateke, na aliyepigwa teke alikuwa na mama yake huko Kachulu anayemtegemea. Akachomeka flashi alikohifadhi vifurushi vyake, akaanza upya, na kila alipotaja njia ya kufikia folda ilimbidi aandike Luhanga, kwa vidole vyake mwenyewe. Ramani ya ziwa ikafunguka, wageni wakampigia Luhanga makofi.

Mkataba wa Tamandani ulisainiwa upya. Lakini ramani ilionyesha maji yanarudi nyuma upande wa Kachulu, kwa hiyo jioni Tamandani akampigia mama yake simu, akamwambia auze mtumbwi wa marehemu baba kabla ziwa halijakauka.

"Nani kasema litakauka?" mama akauliza.

Tamandani akakumbuka jina lililoandikwa kwenye folda.

"Daktari Luhanga," akajibu.