Chacha Alivyomsindikiza Ahmadi

Chacha alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi kule Satwa, Dubai. Siku za mapumziko alikuwa na kibarua kingine: kuwasindikiza wachezaji wa besiboli kwenda kupimwa dawa za kuongeza nguvu. Mchezo ukiisha, anapewa karatasi yenye jina, anamfuata mchezaji mwenyewe, anamwambia kuwa anatakiwa kupimwa, kisha hambanduki mpaka afike kwa daktari kutoa mkojo.

Kibarua hicho alikitafuta kwa sababu ya Ahmadi.

Walisoma sekondari pamoja Dar es Salaam. Chacha ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu ya shule, Ahmadi akikaa benchi. Ule mpira unaodondoka ghafla mbele ya mpigaji, Chacha ndiye aliyemfundisha, akimpanga vidole kimoja kimoja. Baadaye wote wakaja Dubai kulinda milango. Timu za kulipwa zilipoanzishwa, wakaenda kwenye majaribio ya wiki sita. Ahmadi akachukuliwa. Chacha akaambiwa mpira wake hauna kasi.

Picha ya Ahmadi ikabandikwa kwenye kituo cha metro cha Rashidiya. Chacha, aliyekuwa akiishi jirani, akawa anazunguka mlango wa nyuma ili asiione. Dada yake Leah alimpigia simu kutoka Tarime. "Mwenzako tunamwona mitandaoni. Wewe utacheza lini, kaka?" Akamjibu kuwa mtandao unasumbua, akakata.

Chacha alikuwa ameona jinsi mabega ya Ahmadi yalivyotuna kwa miezi michache, na vipele vilivyomjaa mgongoni. Alishuku kuwa anatumia dawa, na kila siku aliomba shaka yake iwe kweli.

Jumamosi moja alasiri, Daktari Yasir, Mzanzibari aliyekulia Dubai, akampa karatasi. Jina lilikuwa la Ahmadi.

"Wamjua huyu?" aliuliza, maana msindikizaji haruhusiwi kumsindikiza mtu wake wa karibu.

"Simjui, daktari."

Alimkuta Ahmadi akitoka uwanjani, watu bado wanamshangilia.

"Chacha! Kumbe wewe? Alhamdulillahi," Ahmadi alisema, uso ukamnawiri. "Twende nikachukue kitambulisho."

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo hapakuwa na mtu. Ahmadi akafunga mlango, akatoa kichupa cha plastiki kwenye begi.

"Mwanangu, niokoe. Nijazie humu. Wako ni safi."

Chacha alikitazama kile kichupa. Raha ilimpanda mwilini mpaka akaona aibu. Muda wote huo alikuwa akitamani kila alichonacho Ahmadi. Sasa Ahmadi alikuwa amepiga magoti akitaka mkojo wake.

"Ulianza lini?"

"Wakati wa majaribio, wiki ya pili. Ulikuwa unaniacha mbali, Chacha. Niliona utachukuliwa wewe, mimi nirudi kufungulia watu milango. Jamaa mmoja wa jimu akanipa sindano." Akainamisha kichwa. "Nilikuonea wivu, kaka. Tangu shuleni."

Raha ile ikamwisha Chacha pale pale. Ina maana nafasi ilikuwa yake.

"Yalla, twende," akasema, akikichukua kile kichupa. "Daktari anasubiri."

Alipofika kwa Yasir aliweka kichupa mezani na kueleza kila kitu, pamoja na uongo wake. Si uungwana uliomsukuma. Aliogopa Ahmadi angekuja kudai kuwa msindikizaji alikuwa na kinyongo naye, kisha apate pa kuponyokea.

"Kwa nini ulinambia humjui?" Yasir aliuliza.

"Nilitaka nimwone akianguka kwa macho yangu."

Daktari akaichukua ile karatasi. "Basi khalas. Kwetu hapa huna kazi tena." Akamwita msindikizaji mwingine, Ahmadi akaingizwa ndani.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Dawa zilionekana. Ahmadi akafungiwa kucheza, timu ikavunja mkataba, akapanda ndege kurudi Dar.

Chacha aliomba ruhusa kazini, akaenda kujaribu nafasi iliyoachwa wazi. Alirusha mipira ishirini. Kocha akaangalia kipimo cha kasi, akamshika bega kwa upole. Mkono ulikuwa mzuri, alisema, ila ulikuwa umekaa muda mrefu mno bila kazi. Nafasi alipewa Mganda mmoja, Wahid, na Chacha alisimama kando ya uzio akimtazama anavyovalishwa jezi.

Kwenye basi la kurudi kazini Satwa, simu ilitetemeka. Ujumbe wa Ahmadi.

"Nasikia ulienda kujaribu. Wamekuchukua?"

Chacha aliandika, akafuta, akaandika tena: "Hapana."

Zile alama mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja. Alikaa na simu mkononi vituo vinne, akijiuliza kama huko Dar Ahmadi alikuwa anatabasamu.