Dkt. Aneth, aliyeuliza "kawaida ya nani?"

Bado haijaingia akilini. Jumamosi asubuhi nilipigiwa simu: Dkt. Aneth ameanguka nyumbani kwake, mtaa wa Sakina, presha, hawakumuwahi. Nikasema sawa. Nikaendelea kufua.

Sijalia. Sijui kwa nini.

Kwa msiomjua, alikuwa daktari wa ngozi, mimi mtu wa data. Tulikusanya picha za magonjwa ya ngozi ili kompyuta ijifunze kuyatambua. Kilichotutesa si picha, ni maneno: kila picha iandikwe rangi ya ngozi, kwa maneno yaleyale.

Nilileta machaguo yangu: nyeupe, ya kawaida, nyeusi. Akavua miwani.

"Kawaida ya nani, Joshua?"



Akatuita dirishani, tukunje mikono ya shati. Mimi, dereva, dada wa mapokezi, yeye mwenyewe. Kwangu sote tulikuwa "nyeusi". Hakuna mkono uliofanana na mwenzake.

Aliwahi kumpokea mtoto kutoka Tengeru, mweusi sana, aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu waliomwona walitafuta wekundu wa ugonjwa, wasiuone. "Wekundu gani, kwenye ngozi hii?" Mtoto alipona, ila kwa shida.

Nikapendekeza maji ya kunde. Tukabishana wee! Siku moja mgonjwa akajiita hivyo, dada yake akadakia, "Wewe? Labda kunde zilizoungua!" Aneth alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia, "Umeona? Neno zuri, lakini kila mtu ana lake."

Tukaliacha. Tukachukua kadi ya rangi yenye namba, kutoka nyepesi hadi iliyokolea, tulinganishe kwa mwanga wa mchana, mahali pasipo na ugonjwa.

Kwenye Zoom wakubwa wa mradi wakalalamika tunachelewesha project. Akawajibu taratibu, "Nitasubiri mkubali."

Ijumaa, siku moja kabla ya simu ile, wakakubali. Akanitumia voice note, anacheka tu, hakuna maneno.

Jana tumemzika kwao mlimani, pembeni ya kahawa. Baba yake akaniuliza, "Ndiyo wewe Joshua wa picha?" Nikasema shikamoo baba. 

Leo niko ofisini. Imekuja picha ya mguu wa mtoto, nimekwama kati ya namba mbili. Nikageuza kiti nimuulize.

Daktari, nimechagua iliyokolea zaidi. Kama nimekosea, sina wa kunirekebisha.

Lala vyema, dada yangu.